Ramdevra: kaburi moja la jangwani, majina mawili

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma chuo kimoja mjini Jodhpur, jimbo la Rajasthan, India. Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Mwenzangu wa chumbani ni Mhindu, na kila mwaka ndugu zake hutembea kwa miguu hadi Ramdevra kwenye sherehe ya mtu wanayemwita Baba Ramdev. Mwaka huu kanialika. Nilipouliza huyo ni nani, akasema ni mungu, ni Krishna aliyekuja tena duniani. Muuza chai wa nje ya geti letu, Mwislamu mwenzangu, anasema huyo ni Ramsa Pir, ni walii, na kaburi lake limefunikwa shuka kama makaburi ya mawalii kwetu. Ni wa nani hasa? Na mtu kama mimi naweza kwenda?"

Marahaba, mwanangu. Wote wawili wamekueleza wanachokijua, na hakuna aliyekudanganya. Kama ungetaka jibu la mstari mmoja ningekwambia aliyelala pale alizaliwa katika nyumba ya Kihindu, wasimulizi wakamvika cheo cha Kiislamu, na waliomtunza kwa karne zote hizi ni watu ambao hekalu lilikuwa limewafungia mlango. Hao wa mwisho ndio muhimu, na ndio ambao mwenzako na muuza chai wote wawili hawakuwataja.

Kwanza nikuweke mahali. Ramdevra ni kijiji katika wilaya ya Jaisalmer, kilomita 12 hivi kaskazini ya mji wa Pokaran, ndani ya jangwa la Thar. Wenyeji wengine bado hukiita kwa jina la zamani, Runicha. Pokaran ulimwengu unaijua kwa jambo jingine: huko ndiko India ilikojaribia mabomu yake ya nyuklia, mara ya kwanza Mei 1974 kisha tena Mei 1998. Lakini mkulima wa Rajasthan ukimtajia njia ya Pokaran, akili yake inakwenda kwa Baba kabla ya kwenda kwenye bomu.

Kuhusu mtu mwenyewe, historia ya uhakika ni chache na masimulizi ni mengi. Alikuwa Rajput wa ukoo wa Tanwar, watu wa kutawala na kupigana. Baba yake aliitwa Ajmal. Miaka inayotajwa zaidi ni 1352 ya kuzaliwa na 1385 ya kufariki, ingawa wapo wanaomsogeza mbele hadi karne ya 15. Mkewe, Netalde, aliolewa kutoka Amarkot, mji ambao leo uko Sindh, Pakistan. Likumbuke hilo. Zama zile hapakuwa na mpaka, na jangwa lilikuwa moja kuanzia Jodhpur hadi mto Indus, wafugaji wakiswaga ngamia na kondoo huku na huku kufuata mvua.

Waumini hawasemi kwamba alikufa. Wanasema aliingia kaburini mwenyewe, akiwa hai, katika tafakuri, na ndiyo maana kaburi linaitwa samadhi. Hapa muuza chai wako ana hoja nusu. Ni kweli Wahindu wengi huchoma maiti zao, kwa hiyo Mwislamu akiona kaburi lenye shuka na maua anahisi yuko kwao. Ila kaburi peke yake halithibitishi dini ya mtu kule. Wahindu wamekuwa wakiwazika watawa na watu wao watakatifu tangu zamani, na baadhi ya jamii za jangwani, wakiwemo baadhi ya Wameghwal nitakaowaeleza chini, huzika watu wao wote. Wala usiichukulie sanamu iliyomo hekaluni kuwa ushahidi wa upande wa pili, maana hekalu unaloliona limejengwa juzi tu. Kaburi lilikuwapo karne nyingi kabla Maharaja Ganga Singh wa Bikaner hajajenga jengo la sasa kulizunguka, mwaka 1931. Tena Ramdevra haikuwa hata katika himaya yake. Alijenga kwa mapenzi ya Baba, au kwa hesabu za kisiasa. Wafalme huwa hawatenganishi hivyo viwili.

Sasa cheo cha Pir, yaani sheikh wa kiroho, kilitoka wapi? Kisa chake utakisikia mara nyingi njiani hadi ukichoke, na bora ukijue mapema.

Mapiri watano walisikia sifa za Ramdev huko Makka, wakafunga safari kuja kumpima. Wakamkuta nje ya kijiji na farasi wake. Akawakaribisha, akatandika mkeka mdogo wa mtu mmoja, na wote watano wakakaa wakaenea. Chakula kilipoletwa, wageni wakaona hapo ndipo pa kumnasia. Wakamwambia: sisi tuna nadhiri, hatuli ila kwenye mabakuli yetu wenyewe, na mabakuli tumeyasahau Makka. Yeye akanyoosha mkono tu, na mabakuli yakawa mbele yao, kila mmoja akalitambua lake. Hapo wakasema maneno ambayo kila mtoto wa Marwar, yaani eneo hili la Jodhpur, anayajua: sisi ni mapiri tu, wewe ndiwe Pir wa mapiri. Mashariki ya kijiji kuna mahali panapoitwa Panch Pipli, yaani mipipli mitano. Inasemekana wageni wale walichomeka miswaki yao ardhini wakati wa kuondoka, ikachipua ikawa miti.

Ukikisikiliza kisa hiki kwa sikio la Kihindu, ni kisa cha ushindi: watu wa Makka wamekuja wakasalimu amri. Kwa sikio la Kiislamu ni kisa cha ijaza: mapiri wa Makka wamemthibitisha mwenzao, kwa hiyo ni wa kwetu. Kisa hakikubadilishwa hata neno, na kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mimi naona nguvu ya Ramdevra imo humo. Hakuna anayetakiwa amkubalie mwenzake kwanza ndipo apite mlangoni. Mhindu wa Gujarat anaweka nazi, Mwislamu aliyesimama nyuma yake anaweka shuka, na hawajadiliani. Watu hupenda kupaita mahali pa "umoja wa dini". Neno ni zuri, lakini ni kubwa kuliko kinachoonekana. Pale watu wanachangia mlango na shida: mtoto haji, ngozi ina ugonjwa, deni halilipiki, mvua imepita pembeni. Karama za Baba zinazohesabiwa kimila ni 24, na nyingi ni za vipofu, viwete na wakoma.

Mifano mingine ya aina hii ipo katika ukanda huohuo. Huko Uderolal, Sindh, ua mmoja una hekalu la Jhulelal, mungu wa Wahindu wa Sindh, na kaburi ambalo Waislamu humwita mwenyewe Sheikh Tahir, na ni mtu mmoja huyohuyo. Kwenye vilima vya Ratanpur, Gujarat, kuna kaburi la Bava Gor, walii mwenye asili ya Afrika, anayetunzwa na Wasidi. Hao ni wajukuu wa watu waliovuka bahari kutoka pande zetu hizi na za Uhabeshi, na Wahindu na Waparsi nao humwendea. Ukipata likizo ndefu, nenda Ratanpur kabla hujarudi nyumbani. Ngoma yao huiita goma, na sidhani kama nina haja ya kukueleza zaidi.

Lakini turudi jangwani, maana bado sijagusa kiini.

Ukiingia kwenye uzio wa hekalu, karibu kabisa na kaburi la Baba utakuta kaburi jingine, dogo zaidi. Ni la mwanamke, Dali Bai. Hakuwa mke wake wala binti wa damu. Alikuwa Meghwal, jamii ya wafumaji na watengeneza ngozi, ambao kwa mpango wa matabaka ya Kihindu walihesabiwa najisi. Hawakuruhusiwa kuchota kwenye kisima cha wenye tabaka la juu, kivuli chao kiliepukwa, hekaluni hawakuingia. Ramdev, Rajput, mtoto wa bwana mkubwa, inasimuliwa alimwokota akiwa kichanga chini ya mti akamlea kama dada yake. Mti unaonyeshwa hadi leo kando ya barabara, si mbali na kijiji.

Siku ya Ramdev kuingia kaburini ilipofika, shimo likachimbwa. Dali akaja mbio kutoka malishoni, akasema: shimo hili ni langu. Wakamuuliza utathibitishaje? Akajibu, chimbeni zaidi. Mkikuta vitu vya mwanaume ni la Baba, mkikuta chanuo na bangili na uzi wa nywele ni langu. Wakachimba, vikatoka vya mwanamke. Akaingia yeye kwanza, Baba akamfuata baadaye katika kaburi lililochimbwa kando. Karibu na kaburi la Dali kuna duara la jiwe wanaloliita bangili yake. Utaona foleni ya watu wazima, wengine wanene wa kutisha, wakijipinda wapenye ndani yake kwa imani kwamba maradhi yanabaki upande wa pili. Huwa kuna kelele na kicheko kingi hapo, mtu akikwama wenzake humvuta miguu. Usidharau. Fikiria ni nini kinachofanyika: Rajput na mfanyabiashara wa Kihindu wanatambaa kwenye bangili ya mwanamke ambaye babu zao wasingepokea maji mkononi mwake.

Huo ndio mpaka ambao Ramdev aliuvuka kwa uhakika. Ule wa Uhindu na Uislamu, kwa zama zake na kwa watu wa jangwani, pengine haukuwa na makali tunayoyaona sisi leo. Wa tabaka ulikuwa na makali, na bado unayo. Katiba ya India ya 1950 ilifuta "kutoguswa" katika kifungu cha 17, na hata hivyo habari za watu kuzuiwa hekaluni kwa sababu ya ukoo wao hazijaisha. Ndiyo maana ukitazama wanaotembea barabarani kwenda Ramdevra, wengi ni Wameghwal na jamii nyingine za chini: wafanyakazi wa mashamba, mafundi, wachunga mifugo. Ukivuka mpaka ukaenda Sindh utakuta vilevile. Huko Tando Allahyar kuna hekalu la Rama Pir, yaani Ramdev huyuhuyu, lililojengwa mwaka 1859, na sherehe yake ni miongoni mwa hija kubwa kabisa za Wahindu wa Pakistan. Wanaoijaza ni Wameghwar, yaani Wameghwal kwa matamshi ya kule, na jamii nyingine za chini, Wabhil na Wakolhi. Mwaka 1947 mpaka ulipochorwa, njia ya kuja Ramdevra ikakatika, watu wakabaki na Baba wao upande wa pili.

Miongoni mwa Wameghwal wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wanasema Ramdev mwenyewe alizaliwa kwao, na Ajmal alimchukua tu kumlea. Watanwar, wanaojihesabu kuwa kizazi chake na walio na usimamizi wa kaburi, hawataki kulisikia hilo. Ukiwa mgeni usiliingilie. Sikiliza tu, utajifunza mengi kuliko kwenye ubao wa maelezo uliopo getini.

Kuna nadharia moja inayomhusu Mswahili kwa karibu, ambayo hata wenyeji wengi hawaijui. Katika miaka ya 1990 mtafiti Dominique-Sila Khan, aliyefanya kazi Rajasthan kwa muda mrefu, alitoa hoja kwamba ibada ya Ramdev ilitokana, au angalau ilichanganyika sana, na mahubiri ya Waismailia wa Kinizari, tawi la Washia wanaomfuata Aga Khan. Wale mapiri waliotoka Uajemi kuja Sindh, Punjab na Gujarat hawakuwataka watu waache lugha ya mizimu na miungu yao kwa siku moja. Waliwaimbia kwa lugha ileile. Mwokozi wa mwisho ambaye Wahindu humngojea, Kalki, atakayekuja juu ya farasi mweupe, wao walimwita Nakalanki, wakafundisha kwamba ndiye Imam Ali. Na Ramdev, huko Gujarat hasa, naye huitwa Nakalanki, na picha zake nyingi zinamwonyesha juu ya farasi, mkuki mkononi.

Kuna zaidi. Wafuasi wa Ramdev huadhimisha siku ya pili ya mwezi mwandamo, wanaiita beej, kwa kukesha wakiimba. Waismailia wenye asili ya Kihindi nao wana ada ya kufunga siku mwezi mwandamo unapoangukia Ijumaa, na wanaiita Shukravari Beej. Katika mikesha ya ndani ya Wameghwal huwekwa meza fupi na chungu cha maji matakatifu, na mpangilio huo ulijulikana pia katika jamatkhana za zamani za Wakhoja, Waismailia hao wa Kihindi. Kwa hiyo yule mzee wa Kikhoja uliyemwona Tanga au Dar es Salaam akiingia jamatkhana jioni, aliyekulia kwenye ginan, nyimbo zao za dini, huenda ana ukoo wa kiroho na mchunga mbuzi wa Pokaran, na wote wawili wangeshangaa kuambiwa.

Si wanazuoni wote wanaoikubali hoja hii kwa ukamilifu. Wapo wanaosema kufanana si ushahidi wa nasaba, kwani jangwa zima lilikuwa na watakatifu wapanda farasi na wanamashairi wasiotambulika dini, na kila kundi lilichota humohumo. Mimi nasimama karibu na Sila Khan kuliko wapinzani wake, kwa sababu mambo yanayolingana ni mengi mno na ni ya ndani mno, lakini sitakwenda mahakamani kwa ajili yake. Jambo moja ambalo hoja yake inalieleza vizuri ni hili: kwa nini watu wale hawakuwa na jibu la swali lako. Serikali ya Waingereza ilipoanza sensa ya India katika karne ya 19, karani alikuja na karatasi yenye safu ya dini. Mtu aliyekuwa anazika kama Mwislamu, anaoa kama Mhindu na kuapa kwa jina la Pir alitakiwa achague safu moja. Wajukuu wa waliochagua ndio hao mwenzako na muuza chai.

Uchaguzi huo unaendelea. Zamani neno Pir lilikuwa midomoni mwa wote. Siku hizi katika mabango na vipaza sauti utasikia zaidi Ramdev, mungu, umbile la Krishna. Waislamu wanaokwenda bado wapo, lakini usitarajie nusu kwa nusu. Umati mkubwa ni wa Kihindu. Upande wa Kiislamu utauona zaidi katika muziki, kwa mfano Wamanganiyar wa Jaisalmer na Barmer. Hao ni Waislamu ambao kazi ya ukoo wao ni kuimbia nyumba za Rajput kwenye harusi na uzazi, na nyimbo za miungu na watakatifu wa Kihindu wanazijua kuliko wenye nyumba.

Sasa sherehe yenyewe. Inafuata mwezi wa Bhado wa kalenda ya Kihindu: huanza mwezi mwandamo ukiwa siku ya pili na kuisha siku ya kumi na moja, kwa hiyo kwa kalenda yetu huwa Agosti au Septemba, mvua za masika ya kule zikiwa ukingoni. Katika Thar mvua si kitu cha kutegemea, na eneo hilo hupata chini ya milimita 200 au karibu na hapo kwa mwaka. Bajra, ambayo ni uwele huu wetu, ndiyo kwanza inatoa masuke, na mkulima ana siku chache za kuacha shamba. Sherehe imekaa hapo kwa sababu hiyo pia.

Kutoka Jodhpur ni karibu kilomita 180. Wengi huanzia kilima cha Masuria, palepale mjini, alipozikwa Balinath, mwalimu wa Ramdev, kisha ndio wanashika barabara. Watembea kwa miguu huitwa jataru. Wanakwenda kwa makundi ya kijiji au mtaa, mbele bendera ya rangi tano, nyuma mkokoteni au trekta yenye mizigo na kipaza sauti kinachopasua masikio. Mwenzako atakuambia ni siku nne au tano, lakini inategemea miguu. Wapo wanaokwenda kwa kulala kifudifudi, kusimama pale kichwa kilipogusa, kulala tena; hao huchukua majuma.

Utakachokikumbuka kuliko hekalu ni mahema ya chakula. Pande zote za barabara watu wa mitaa, wafanyabiashara, wanakijiji, wamefunga turubai, na hakuna anayeuza. Wanakukimbilia. Mtu mzima mwenye duka kubwa mjini atakushika mkono akukalishe, akumiminie chai, akuletee mkate wa uwele na mtindi mwembamba wenye chumvi. Pembeni kijana wake ameweka beseni la maji moto yenye chumvi, anasugua malengelenge kwenye nyayo za wasiowajua. Hawaulizi ukoo wa miguu wanayoishika, na kwa Rajasthan hilo si jambo dogo. Kesho yake dukani, sijui. Lakini siku hizo kumi wanashika.

Utaona pia vifarasi vya kitambaa, vidogo vya kubebwa mkononi na vikubwa vya kubebwa na watu wawili, vimeshonwa vioo na nyuzi za dhahabu. Hivi ndivyo watu wanavyoondolea nadhiri. Inasimuliwa kwamba Ramdev alipokuwa mtoto alililia farasi, baba yake akampa fundi cherehani kitambaa kizuri amshonee mwanasesere. Fundi akaiba kitambaa, ndani akajaza matambara. Mtoto alipompanda, farasi akaruka naye angani akapotea, na fundi akatupwa gerezani mpaka alipokiri wizi wake. Mafundi wa Ramdevra wanaouza vifarasi hivyo hukisimulia kisa hiki wenyewe, wakicheka.

Usiku ndio wakati wa kwenda. Mchana ni foleni, vumbi na wezi wa mifukoni. Usiku kwenye viwanja na mahema kuna jamma, mikesha ya nyimbo, yenye tambura, ngoma na matoazi. Tafuta wanawake wa Kikamad wanaocheza terahtali. Wanacheza wameketi chini, matoazi kumi na tatu yamefungwa mguuni na mkononi, na kwa toazi lililo mkononi wanayapiga mengine moja baada ya jingine kwa kasi usiyoweza kuifuata kwa macho, huku kichwani wamebeba chombo na mara nyingine upanga mdomoni. Wakamad nao ni watu wa chini katika ngazi ile ya matabaka. Nyimbo za Baba zimefika hapa vifuani mwao na mwa Wameghwal, kizazi kwa kizazi, mamia ya miaka kabla ya Maharaja kuleta mawe yake.

Kuhusu kama wewe unaweza kwenda: hakuna atakayekuzuia mlangoni. Vua viatu, funika kichwa kwa leso au kofia, fuata foleni. Kofia yako ya kiua haitamshtua mtu.

Kama dini yako inakuruhusu, hilo ni swali la sheikh wako, mimi ni mtu wa historia. Lakini nikusaidie kuliuliza vizuri, maana ukimuuliza tu "naweza kwenda kwenye sherehe ya Wahindu?" jibu unalijua. Kuna mambo matatu humo ndani na hukumu zake si moja. Kuna kutembea na rafiki, kula alichopika Mhindu, kusikiliza nyimbo. Kuna kusimama kwenye kaburi, na hapo unajua jinsi masheikh wetu wa pwani wenyewe walivyogawanyika kuhusu ziara za makaburi ya mawalii, tangu kabla hatujazaliwa. Halafu kuna kuinama mbele ya sanamu na kuomba, ambako hakuna mgawanyiko wowote. Ukijua mstari wako uko wapi kabla ya kuondoka Jodhpur, hutababaika ukisukumwa na umati wa watu. Wapo Waislamu wa huko wanaofika hadi uani, wanakaa kwenye nyimbo, hawaingii ndani, na hakuna anayewauliza. Mwenzako mwambie mapema tu. Atakuelewa, na wazee wake wataelewa haraka kuliko yeye.

Barabarani, usitembee usiku bila taa au nguo inayong'aa. Kila mwaka malori na mabasi hugonga watembea kwa miguu kwenye barabara hizi, na huo ndio wasiwasi wangu wa kweli kwako, si dini. Vaa viatu ulivyokwisha vizoea, vipya vitakuua. Kunywa maji kabla ya kiu, joto la mchana hupita nyuzi 35. Ukishindwa njiani si aibu: Ramdevra ina stesheni yake kwenye reli ya Jodhpur kwenda Jaisalmer, na siku hizo huongezwa treni. Zitakuwa zimejaa mpaka mlangoni.

Na ulikuwa hujaniuliza, lakini utakutana nalo. Mtu akitoka ndani atakuwekea kiganjani kipande cha nazi au tamutamu. Hiyo ni prasad, imetolewa kwanza kwa Baba. Kama moyo haukubali kuila, usiitupe wala usiirudishe. Ipokee kwa mkono wa kulia, iguse kichwani kama wafanyavyo wao au shukuru tu, kisha mpe mtoto yeyote aliye karibu. Watoto hawatakosekana.